Maskati bila gari
*Julai nakwenda Maskati kumwona shangazi. Sijui kuendesha gari, na naambiwa huko mtu hatembei kwa miguu. Ndiyo nitakaa ndani mwezi mzima? – M., Unguja*

Hutakaa ndani, dada. Hofu yako ina msingi: Maskati imejinyoosha kati ya milima na bahari, kutoka Seeb penye uwanja wa ndege hadi mji wa kale, na barabara kuu ni pana mno kuvuka kwa miguu. Lakini mabasi ya Mwasalat yapo, yana viyoyozi na nauli yake ni nafuu. Teksi ya barabarani, patana bei kabla hujapanda, au iite kwa programu ya simu.

La kuogopa hasa ni jua. Julai joto hupita nyuzi 40, basi toka asubuhi mapema au baada ya Magharibi. Anzia Matrah: soko lake, kisha njia ya pwani, utembee taratibu usiku. Maduka mengi hufungwa mchana. Na sema Kiswahili bila haya. Wanaokijua ni wengi. Ukisikia kizunguzungu, ingia penye ubaridi, unywe maji. Ukianza kuchanganyikiwa au kuzimia, walio nawe wapige 9999 mara moja.