Uchovu Huo Wameupanga Wao

Mdogo wangu, sogea tuzungumze. Umefungua simu kutafuta jambo moja, labda nafasi ya kazi, na kabla hujasoma mstari wa kwanza skrini imefunikwa. Wenye tovuti wanakuambia wanajali faragha yako. Chini kuna kitufe kikubwa chenye rangi ya kuvutia: Kubali Vyote. Pembeni, kwa maandishi ya kijivu yaliyofifia: Mipangilio. Ukiingia huko unakuta orodha ya makampuni usiyowahi kuyasikia, pengine mamia, kila moja na swichi yake ya kuwasha na kuzima. Unachoka. Unarudi, unabonyeza kile kikubwa, kisha unajiambia mambo ya teknolojia huyawezi.

Usijilaumu hata kidogo. Kumnyima mtu nafasi ya kuchagua ni kumwonea, hilo kila mtu analiona. Lakini kumrundikia machaguo mpaka akate tamaa ni kumwonea vilevile, na hapo wengi hatushtuki kwa sababu tunaona tumepewa uhuru.

Chukua kesi ya Amazon. Mwaka 2023 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, iliishtaki kampuni hiyo ikisema kwamba aliyetaka kujitoa kwenye huduma yake ya kulipia, Prime, alipitishwa kurasa nne, abofye mara sita na kukutana na machaguo 15. Kujiunga kulikuwa kwepesi mno. Na wenyewe ndani ya kampuni waliuita utaratibu huo wa kujitoa Iliad, jina la ule utenzi mrefu wa Homer kuhusu vita vya Troy. Hebu fikiria hilo. Mtu anayeupa utaratibu jina hilo anajua vizuri safari aliyokuandalia. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi, bila kukiri kosa, na bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kurudishiwa wateja.

Wafaransa nao, mwishoni mwa 2021, waliitoza Google faini ya euro milioni 150 na Facebook milioni 60. Kukubali vidakuzi, yaani vile vijifaili vinavyofuatilia nyendo zako mtandaoni, kulihitaji kubofya mara moja. Kukataa kulihitaji mara kadhaa.

Kwetu pia sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayotaka ridhaa itolewe kwa hiari na inayokupa haki ya kuiondoa wakati wowote. Tanzania ilipitisha yake 2022. Kwa hiyo unapokataa hujamkosea mtu adabu, mdogo wangu. Unatumia haki yako.

Sasa nisikilize. Kitufe kinachong'aa zaidi mara nyingi ndicho chenye faida kwao, kwa hiyo macho yako yaanzie kwenye maandishi madogo. Neno Kataa aghalabu limefichwa ukurasa wa pili au chini kabisa ya orodha. Usipoliona, funga ukurasa. Habari nyingi zinapatikana kwingine. Na kabla hujajiunga na chochote cha kukatwa pesa kila mwezi, uliza kwanza namna ya kutoka. Wasipokueleza kwa lugha nyepesi, hela yako ibaki mfukoni. Mambo ya pesa usiyaamue usiku ukiwa na usingizi, maana hapo ndipo kidole hukubali chochote.

Jambo moja linalowaumiza wengi: kufuta programu kwenye simu hakusitishi malipo uliyojiunga nayo. Kwenye Android, fungua Play Store, gusa picha yako juu, tafuta sehemu ya malipo na usajili, usitishe usichokihitaji. Ukimaliza ya kwako, mwangalizie na mama.