Mtu Mmoja Asishike Tawi

Moto kichaa unapopanda safu ya milima ya Kiboriani, hapa Mpwapwa, mwezi wa tisa, hakuna gari la zimamoto linaloweza kuufuata huko juu. Wanaokwenda ni watu wa vitongoji vya chini ya mlima, wachungaji waliokuwa karibu na mifugo yao, vijana wa bodaboda, na bwana misitu ikiwa taarifa imemfikia mapema. Wanapanda na mapanga, majembe na matawi mabichi. Ujasiri wanao, tena wakati mwingine umezidi. Vifaa ni haba, nalo hilo halina ubishi. Lakini nikiitazama kazi hii ambayo mimi pia huifanya kwa kujitolea, naona kinachotuweka hatarini zaidi ni kwamba kila aliyefika anazima. Hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuutazama moto na kuwatazama wanaouzima. Msimamo wangu ni kwamba huyo ndiye wa kupatikana kwanza, kabla ya maji na kabla ya fyekeo, na kwamba awe mtu hodari, si aliyebaki tu baada ya wengine kupangiwa kazi.

Watu wa Mpwapwa hudhani moto wa kuogopwa ni ule mkubwa wa msituni, unaovuma na kuangusha miti. Ushahidi unasema vingine. Mwaka 1977 mtafiti wa idara ya misitu ya Marekani, Carl Wilson, aliilinganisha mioto iliyoua wazima moto ili aone inafanana kwa lipi. Alipata mambo manne: ilikuwa mioto midogo, au sehemu zilizoonekana tulivu za mioto mikubwa, ilikuwa ikila vitu vyepesi kama nyasi na vichaka vidogo, upepo ulibadilika ghafla, na moto ulipata mteremko ukapanda kwa kasi. Yasome tena mambo hayo manne ukiwa umesimama Mpwapwa mjini na kuinua macho kuelekea mlimani. Nyasi zetu hukauka tangu Juni, kwa sababu mvua ni za msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili. Mwinuko tunao wa kutosha. Mchana jua likipasha mlima joto, hewa hupanda, na moto hupanda nayo. Jioni hewa hugeuka na kushuka. Juu ya hayo tunayo chamchela, kile kipepo cha vumbi ambacho kila mtoto wa Dodoma anakijua, chenye uwezo wa kuokota makaa upande mmoja wa korongo na kuyatupa upande wa pili. Moto wetu mdogo wa nyasi ndio wa aina aliyoieleza Wilson.

Sasa mfikirie anayepiga moto kwa tawi. Ameinamisha uso chini, macho yanamchoma kwa moshi, masikio yamejaa mlio wa nyasi zinazopasuka, na anachokiona ni mita mbili tatu mbele yake. Hawezi kujua kwamba upepo umegeuka mpaka ugeuke juu ya ngozi yake. Wazima moto wa nyika wa Australia wana kanuni ya kukadiria inayosema kwamba kwa kila nyuzi 10 za mwinuko, kasi ya moto unaopanda huongezeka takribani mara mbili. Kwenye mwinuko wa nyuzi 20 ni mara nne. Binadamu akipanda mwinuko huohuo hupungua kasi. Kwa hiyo aliye juu ya moto, mlimani, hawezi kutegemea miguu yake. Anachoweza kutegemea ni taarifa inayomfikia kabla ya moto, na taarifa haiwezi kutoka kwa mwenzake ambaye naye ameinama.

Wamarekani walifika hapo kwa kuzika watu wao. Tarehe 5 Agosti 1949, kwenye bonde la Mann Gulch katika jimbo la Montana, wazima moto 16 walijikuta moto umewazunguka kwa chini na unapanda nyasi kuwafuata. Kiongozi wao, Wagner Dodge, aliwasha nyasi zilizokuwa mbele yake, akaingia kwenye majivu ya moto huo mpya na kulala kifudifudi. Alipona. Aliwaita wenzake waingie, hawakuingia. Wawili walifika juu ya ukingo wa mlima wakapona, na 13 wakafa. Mafunzo yaliyotokana na misiba ya namna hiyo yalifupishwa mwaka 1991 na Paul Gleason, mzima moto mwenye uzoefu mkubwa, kuwa mambo manne ya kuhakikisha kabla ya kuanza kazi: awepo mlinzi wa kuangalia, yawepo mawasiliano, iwepo njia ya kutokea, na iwepo sehemu salama ya kufikia. Mlinzi alimtaja kwanza. Naona hakukosea mpangilio, maana bila mlinzi, hakuna wa kuwaambia watu kwamba wakati wa kuitumia ile njia umefika.

Katika mazingira yetu mambo hayo manne hayahitaji redio wala helikopta. Mlinzi huyo, ambaye sisi tumwite msimamizi, asimame mahali anapouona moto na watu kwa pamoja, na mara nyingi hapo ni ubavuni, kwenye jiwe au kilima cha upande wa pili, asiwe juu ya moto. Awe na filimbi ya refa, kwa sababu simu hupoteza mtandao makorongoni na sauti ya mtu humezwa na mlio wa moto. Mlio mmoja mrefu: kila mtu ainue kichwa na kumtazama. Milio mitatu mifupi: acha kila kitu, toka. Utoke kwenda wapi? Kwenye sehemu iliyokwisha kuungua na kupoa, kwa sababu moto haurudi kula majivu. Ndiyo maana naomba kazi ianzie nyuma ya moto, pale ulipoanzia, na kusonga mbele kwa ubavu, mguu mmoja ukiwa karibu na weusi wakati wote. Kuukabili moto kwa mbele, uso kwa uso, ndiko vijana wengi hupenda, kwa kuwa kunaonekana, lakini mchana wenye upepo hakuna tawi linaloweza kuuzuia, na aliyesimama pale amezungukwa na nyasi ambazo bado hazijaungua. Kuhusu ujanja wa Dodge, simshauri mtu yeyote auige bila mafunzo. Moto wa pili mikononi mwa asiyejua ni moto wa pili tu.

Msimamizi awe pia na daftari. Kila anayepanda aandikwe jina na kitongoji, na kila anayeshuka afutwe. Hili ndilo linalochekwa zaidi, eti tunafanya mahudhurio ya shule mlimani. Lakini watu wa kujitolea hawaji kwa orodha. Huja kwa yowe, wawili kutoka huku na watano kutoka kule, na wengine huondoka bila kuaga kwa sababu ng'ombe wamebaki peke yao. Giza likiingia hujui kama aliyekosekana yuko nyumbani anakula au yuko korongoni amevunjika mguu. Ama unawarudisha watu waliochoka kumtafuta aliyelala kitandani kwake, ama humtafuti aliyehitaji kutafutwa. Kalamu ya shilingi mia chache huondoa kitendawili hicho chote.

Pingamizi la kwanza ni la hesabu: tuko kumi, moto ni mpana, ukimtoa mmoja umeondoa sehemu ya kumi ya nguvu. Ni hoja ya haki, na kwenye moto unaotambaa taratibu jioni isiyo na upepo ningeikubali nusu. Ila inadhani kwamba kumi wanaozima bila kuangaliwa wanafanya kazi ya watu kumi. Hawafanyi hivyo. Hurundikana mahali penye moshi mwingi, huacha ubavu wa pili ukienda zake, hupiga kipande kilichokwisha kufa, na huchoka wote kwa wakati mmoja kwa sababu hakuna wa kuwaambia wanne wapumzike wanywe maji. Msimamizi anayaona hayo yote. Tena kazi hii haihitaji mapafu ya kijana. Mzee ambaye ameuona upepo wa Kiboriani ukigeuka kwa miaka arobaini, na ambaye kwa heshima tungemwambia "mzee wetu, wewe baki chini", anaweza kuwa ndiye mwenye macho tunayoyahitaji, alimradi afikishwe mahali ambapo hatalazimika kukimbia.

Wengine husema muda hautoshi, kwamba moto hausubiri mpange safu. Kupanga ninakokuzungumzia ni dakika mbili: nani anatazama, ishara ni zipi, tunatokea wapi, nani yuko na nani. Kama dakika mbili zinatosha kuupoteza moto, basi moto huo ulikuwa umekwisha kupotea kabla hamjafika, na kazi iliyobaki ni kwenda mbali mbele yake, kwenye njia, korongo la mchanga au shamba lililovunwa, na kusafisha kinga moto pana.

Lipo pia pingamizi la wanaosema hii ni kazi ya Serikali. Kisheria hawako mbali na ukweli: Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, lina namba 114 ambayo haina malipo, na misitu ya hifadhi ina Wakala wa Huduma za Misitu. Pigeni 114 kila mara, hata mnapoamini hawatafika, maana wanaweza kuelekeza kwa simu. Lakini angalieni moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020. Ule ulikuwa ndani ya hifadhi ya taifa inayojulikana dunia nzima, na bado ilibidi mamia ya watu wapande kwa siku kadhaa, wakiwemo wanafunzi wa Chuo cha Mweka na wananchi wa vijiji vya jirani. Ikiwa Kilimanjaro ilihitaji wa kujitolea, Kiboriani na misitu ya Wotta haiwezi kuwakwepa. Swali ni wapande wakiwa wamejiandaa namna gani. Na hapa niseme kwa ufupi kuhusu mavazi, kwani hata kwa ajili ya hayo msimamizi ana haki ya kumrudisha mtu: nguo za pamba, mikono mirefu, viatu vya ngozi vilivyofunika mguu. Jezi ya mpira huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Katambuga zinafaa sana kuchungia, ila raba yake hushika moto, na juu ya makaa huacha mguu wazi.

Mahali ambapo hoja yangu inapata ushahidi mchungu zaidi si mlimani. Jumamosi ya tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro, kwenye njia ambayo malori ya Dodoma hupita. Watu walikuja na madumu kuchota petroli, moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Kenya ilikuwa imeyapata hayohayo Sachangwan, karibu na Molo, Januari 2009. Huko Sange, Kivu Kusini, Julai 2010, zaidi ya 200 waliteketea, baadhi yao wakiwa hawachoti chochote, wamekaa kwenye vibanda wakitazama Kombe la Dunia. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, huingia mitaroni, na hufika kwenye jiko la mama lishe au injini ya bodaboda kabla ya macho kuona lolote. Kwenye tukio la namna hiyo mtu wa kujitolea hana moto wa kuzima. Kazi yote ni ya yule asiyeshika tawi: kuzuia watu, kuzimisha injini na majiko, kupiga 114, na kusogeza kila mtu mbali. Mwongozo unaotumiwa na wazima moto wa Amerika Kaskazini unataka umbali wa mita 800 pande zote ikiwa lori la mafuta limeshika moto. Mita 800 kwa miji yetu iliyojipanga kando ya barabara maana yake ni kuhamisha mtaa, na kumkatalia jirani, shemeji, pengine mjomba wako mwenye dumu mkononi. Ni kazi ngumu kuliko kupiga nyasi, wala haina shukrani.

Hapo linakuja pingamizi ninaloliona zito kuliko yote: nani atamtii msimamizi? Mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuwa na mamlaka lakini hajui moto. Kijana anayejua moto hawezi kumwamuru mzee. Watu wa Dodge hawakumtii, na yeye alikuwa kiongozi wao rasmi. Alichowaambia hawakuwahi kukisikia kabla ya siku ile. Utii wa kwenye moto hutafutwa kabla ya moto. Kijiji kina chombo tayari. Mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kupendekeza sheria ndogo tangu sheria ya mamlaka za wilaya ya mwaka 1982. Kikao cha Juni ndicho kizuri, nyasi zikiwa zinaanza kukauka na watu wakiwa wamemaliza kuvuna. Ajenda iwe fupi: watajwe wasimamizi wawili kwa kila kitongoji, mmoja akiwa safarini mwingine awepo; filimbi ipigwe palepale mkutanoni ili milio ijulikane hadi kwa watoto; na iandikwe kwamba msimamizi akishapiga milio mitatu, hata mwenyekiti anatoka. Mtendaji aulizwe filimbi, daftari na tochi zitatoka kwenye fungu gani, na asiachiwe kusema litaangaliwa kikao kijacho, maana kikao kijacho ni Septemba.