Betri ya Simu Ikifura, Iache: Pesa Zako Haziko Ndani

Je, simu yako imeanza kufura mgongo, kava haifungi vizuri na kioo kimeinuka upande mmoja? Kuna watu huifunga kwa raba na kuendelea kuitumia. Tunawaelewa. Simu ndiyo pochi: malipo ya samaki, karo ya watoto na nauli ya boti zote zinapitia humo. Lakini simu hiyo ni hatari, na habari njema ni kwamba huna haja ya kuing'ang'ania.

Betri inafanyaje kazi?

Betri za lithiamu-ayoni zilianza kuuzwa mwaka 1991 na kampuni ya Sony ya Japani. Leo ziko kwenye simu, pawabenki na taa nyingi za sola.

Ndani kuna pande mbili, chanya na hasi, na majimaji katikati. Fikiria boti za abiria kati ya Mokowe na Amu. Ukichaji, chembe za lithiamu huvuka kutoka upande chanya hadi upande hasi. Ukitumia simu, zinarudi. Elektroni zenyewe hazipiti kwenye majimaji hayo. Huzunguka kwa nje kupitia simu, na huo ndio umeme unaowasha kioo na kukuwezesha kutuma pesa.

Katikati kuna pia utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele. Unaruhusu chembe zipite lakini unazuia pande mbili zisigusane. Utando ukitoboka au kuyeyuka, pande zinagusana, joto linapanda ghafla, na yale majimaji hushika moto. Kule kufura ni gesi: dalili kwamba mambo yameshaharibika ndani.

Maadui watatu wa betri visiwani

*Joto.* Msimu wa kaskazi, usiiache simu juani juu ya mashua, wala usiichaji chini ya mto. Betri nyingi za simu hazifai kuchajiwa joto likipita nyuzi 45. Ikiwa simu ni ya moto mkononi, chomoa chaja, iweke kivulini ipoe kwanza.

*Maji ya chumvi.* Chumvi hupitisha umeme na kula vyuma. Simu ikianguka baharini, izime, toa laini, na usiichaji kabisa mpaka fundi aifungue na kuisafisha. Kuizika kwenye mchele hakutoi chumvi. Ukienda kuvua, ifunge kwenye mfuko usiopitisha maji.

*Chaji ya kubahatisha.* Hapa tuwe makini zaidi, maana nyumba nyingi zinategemea sola. Betri ya simu ya kawaida ikijaa hufika kama volti 4.2. Paneli au betri kubwa ya sola ni volti 12 na zaidi. Ukiunganisha nyaya moja kwa moja kwenye betri ya simu, unailazimisha kubeba isichoweza. Tumia tundu la yuesbi la kifaa cha sola, ambalo hutoa volti 5, kisha simu yenyewe hupunguza inavyotakiwa.

Ikifura, fanya hivi

1. Izime na uchomoe chaja. Usiichaji tena hata kidogo.
2. Usiibonyeze, usiitoboe, usijaribu kutoa betri kwa kisu.
3. Iweke juu ya saruji au mchanga, mbali na makuti, jiko na petroli ya injini.
4. Mpelekee fundi. Betri mbovu usiitupe baharini wala kwenye takataka zinazochomwa.

Ikianza kutoa moshi, watoe watu kwanza. Moshi huo ni sumu. Kata umeme kama unaweza kufanya hivyo kwa usalama, kisha imwagie maji mengi ukiwa mbali. Moto ukishashika makuti, hauwezi kuumaliza peke yako: ondoka, ita majirani.

Na pesa zangu je?

Ziko salama. Salio halikai kwenye simu wala kwenye betri. Liko kwenye akaunti yako. Toa laini, iweke kwenye simu nyingine, na salio lako liko vilevile. Laini ikiungua au kuzama, nenda na kitambulisho chako cha taifa dukani ubadilishiwe, namba ibaki ileile.

Mambo mawili tu ya kukumbuka. Kabla ya kumwachia fundi simu, toa laini. Na namba yako ya siri usimpe mtu yeyote, hata akikwambia anataka kujaribu kama simu imepona.

Leo usiku kabla ya kulala, ilaze simu kifudifudi kwenye meza. Ikiwa inazunguka kama pia badala ya kutulia, au mgongo umepanda, ujue betri imeanza kufura. Usingoje mwisho wa mwezi. Simu nyingine itapatikana.