Dondoo muhimu: Sindano ya santuri ikichoka

Sindano ya almasi hudumu takriban saa 500 hadi 1,000 za muziki; ya yakuti huchakaa mapema zaidi. Sikiliza herufi "s" na "sh" za mwimbaji: zikianza kukwaruza, hasa katika wimbo wa mwisho karibu na katikati ya santuri, badilisha sindano kabla haijachimba mifereji. Uharibifu huo hautengenezeki, na santuri nyingi za zamani hazitolewi tena. Ila kwanza safisha sindano kwa brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele; huenda ni vumbi tu. Gramafoni ya mkono ina sheria kali zaidi: sindano ya chuma hubadilishwa kila baada ya upande mmoja wa santuri. Na ukinunua mashine kuukuu, usiijaribu kwa santuri unayoipenda.