Kabla ya Kuomba Ufilisi: Wakili Anajibu

Mshahara ukimalizwa na makato, au mvua ikikata katikati ya msimu, wakazi wengi wa Dodoma hukopa ili walipe mkopo mwingine. Wanapofika kwa wakili, wengi huwa wameshaamua kufilisika. Haya ndiyo wanayouliza zaidi.

Je, mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe atangazwe muflisi?

Ndiyo. Sheria ya Kufilisika, Sura ya 25, inamruhusu mdaiwa kupeleka ombi Mahakama Kuu akieleza kwamba hawezi kulipa madeni yake. Mali yake huwekwa chini ya msimamizi wa serikali, wadai wakaitwa kwenye mkutano, naye akahojiwa mahakamani mbele ya watu. Ombi likishapokelewa, huwezi kuliondoa bila ruhusa ya mahakama. Ndiyo maana maandalizi ni muhimu kuliko ombi lenyewe.

Nije na nini ofisini?

Njoo na orodha ya wadai wote bila kubagua: benki, SACCOS, VICOBA, mikopo ya simu, duka la pembejeo, TRA, hata shemeji. Kwa kila deni andika ulichopokea, ulicholipa, riba, dhamana na jina la mdhamini. Ongeza mikataba, taarifa za benki, miamala ya simu, hati za mshahara, hati ya kiwanja, kadi ya pikipiki, na barua yoyote ya mahakama au dalali.

Mikopo ya kausha damu, yaani ile ya riba kali, tunaisoma kwa makini. Chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, mkopeshaji lazima awe na leseni, na Benki Kuu iliweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea amana. Hesabu ikipingwa, deni linaweza kupungua kabla hata ya kufikiria ufilisi.

Shamba langu la zabibu Hombolo niliandikishe kwanza kwa jina la kaka?

Usithubutu. Mahakama inaweza kubatilisha uhamisho huo, na kuficha mali ni kosa la jinai. Kumlipa rafiki mmoja huku wadai wengine ukiwaacha nako huleta matatizo. Mwambie wakili kila kitu, hata kile unachokionea aibu.

Nyumba na vyombo vitachukuliwa?

Nyumba ikiwa rehani, benki ina haki yake juu ya dhamana hata ukiwa muflisi. Kagua mambo mawili: je, ulipewa notisi ya siku 60, na je, mwenzi wako aliridhia? Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia.

Kwa mdai asiye na rehani, hali ni tofauti. Hata akishinda kesi, sheria ya mwenendo wa madai inazuia kukamatwa kwa nguo, vitanda, vyombo vya kupikia, zana za fundi, na nyumba unayoishi na familia. Mkulima huachiwa zana, mifugo na mbegu ambazo mahakama itaona anazihitaji ili ajikimu. Mtu mwenye hivyo tu mara nyingi hana haja ya kuomba ufilisi.

Walionidhamini je?

Wanabaki na deni. Ufilisi wako haumwondolei mdhamini wajibu wake, kwa hiyo zungumza na waliokudhamini, wakiwemo wenzako wa kikundi cha mkopo, kabla ya kusaini ombi.

Maisha ya muflisi yakoje?

Hadi mahakama ikuondolee hali hiyo, huwezi kuwa mkurugenzi wa kampuni bila ruhusa yake, na kukopa huku ukificha kuwa wewe ni muflisi ni kosa.

Kuna njia nyingine?

Kama wadai wako ni wawili watatu, anza na mazungumzo ya maandishi. Mtumishi aombe marejesho yanayomwachia angalau theluthi ya mshahara. Mkulima wa zabibu, anayevuna mara mbili kwa mwaka, aombe ratiba ya kulipa baada ya mavuno badala ya kila mwezi. Orodha uliyoiandaa kwa ajili ya ufilisi ndiyo silaha yako mezani, kwa sababu mdai akiona hesabu kamili hujua atapata kiasi gani akikusukuma mahakamani.

Nitampataje wakili wa kweli?

Hakiki jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama, na mkubaliane ada kwa maandishi. Usiye na uwezo, tafuta watoa huduma waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nenda mapema, kabla dalali hajabandika tangazo la mnada.