SOMO: KIJANA WETU AKIENDA MJINI, ATATEMBEA NA NANI?

Vijana wetu wengi huenda Mombasa kutafuta kazi. Tunawapa nauli na blanketi, lakini hatuwaambii Jumapili watakaa na nani. Mgeni mpweke humfuata yeyote anayemnunulia soda, na baadaye hushindwa kumkatalia hata jambo baya. Kutembea na marafiki si uhuni; kunahitaji mpango tu. Tuwafundishe hivi kabla hawajapanda basi:

1. Watafute marafiki mahali watu hukutana kila wiki: kazini, kwaya, timu ya mpira. Tabia ya mtu huonekana polepole.

2. Watembee wengi, mchana, mahali pa wazi. Bustani ya Mama Ngina ilitengenezwa upya mwaka 2019. Hapo watu huketi karibu na mibuyu wakila mihogo na kutazama meli zikielekea Kilindini. Feri ya Likoni nayo haimtozi anayevuka kwa miguu, kwa hivyo hata asiye na pesa anaweza kwenda.

3. Wachange, kama sisi katika chama. Aliyetoa chake anaweza kusema, "Jameni, mimi narudi nyumbani," na hakuna wa kumdai.

4. Nauli ya kurudi ikae mfuko wake peke yake, isiguswe.

Maswali ya kujadili:
- Ni nani wa kijiji chetu yuko mjini na hana mwenzake?
- Ni nani huko tunaweza kumwomba amtembelee mwezi huu?