Sola ya banda la kuku 500: hesabu inayosahaulika ni ya siku baada ya mawingu

Kila msimu wa mauzo ukiisha, simu nyingi zinazonijia zina swali moja: "Mtaalamu, ninunue paneli ya wati ngapi?" Nami najibu kwa swali: unataka iwashe nini, na kwa saa ngapi? Hapo wengi wananyamaza. Ni sawa na mtu kuniuliza anunue magunia mangapi ya chakula bila kuniambia ana kuku wangapi.

Leo tupige hesabu yote pamoja kwa banda moja la kuku wa mayai 500, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika. Shika kalamu na daftari. Na nitakwambia mahali nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu kosa lile liligharimu vifaranga vya mtu.

Kwanza maneno mawili. Wati ni ukali wa ulaji wa kifaa kikiwa kimewashwa. Wati-saa ni kiasi kilicholiwa baada ya muda. Taa ya wati 5 ikiwaka saa 4 imekula wati-saa 20. Betri nayo inasomwa hivyohivyo: volti zidisha kwa Ah zilizoandikwa ubavuni. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 inabeba wati-saa 1,200. Basi, hesabu yote ya leo inasimama juu ya kuzidisha na kugawanya.

Sasa orodha ya banda letu. Kuku wa mayai wanahitaji mwanga wa saa 16 kwa siku ili watage vizuri. Huku kwetu jua linatupa kama saa 12, kwa hiyo taa zinaongeza saa 4, tuseme kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku.

Taa 6 za LED bandani, wati 5 kila moja, saa 4: wati-saa 120.
Taa 2 za ulinzi nje, wati 5 kila moja, usiku kucha saa 12: wati-saa 120.
Simu tatu kuchaji: wati-saa 60.
Friji ndogo ya volti 12 ya kutunza chanjo: wati-saa 500.

Jumla 800 kwa siku.

Hapo kwenye friji usidanganywe na namba ya ubavuni. Friji ya wati 50 haivuti muda wote, mashine yake inawaka na kuzima. Kwenye joto la Kilosa mimi huhesabu saa 10 kati ya 24. Ukiiweka kwenye kibanda cha bati kinachochemka mchana, au watoto wakiifungua kutafuta maji baridi, zitafika saa 15 na hesabu yako imekufa. Friji ya chanjo ni ya chanjo. Soda itafutiwe ndoo ya maji.

Kuna vitu sijaviweka kwenye orodha, na ni kwa makusudi. Kupasha joto vifaranga kwa umeme wa betri usijaribu. Taa mbili za joto za wati 250 zikiwaka saa 12 zinakula wati-saa 6,000, yaani mara saba na nusu ya matumizi yote ya banda zima. Tumia jiko la mkaa au gesi, na uache njia ya hewa kwa sababu moshi wa mkaa unaua kuku na unaua mtu. Pampu ya maji nayo ipe paneli zake yenyewe, ipandishe maji mchana jua likiwepo na kujaza tenki. Tenki lililojaa ndiyo betri ya pampu, na haliharibiki baada ya miaka mitatu.

Inveta je? Kwa orodha yetu haihitajiki. Taa, friji na chaja za simu zote zinapatikana za volti 12. Inveta inakula hata ikiwa haijawasha kitu: ikivuta wati 10 tu siku nzima ni wati-saa 240, mara mbili ya taa zako za bandani, kwa kazi ya kukaa tu na kuunguruma.

Haya, paneli. Umeme unapotea njiani, kwenye waya, kontrola, vumbi, joto la paneli na betri yenyewe. Mimi hukadiria kwamba robo inapotea, kwa hiyo nagawanya kwa 0.75: 800 inakuwa kama 1,070. Halafu jua. Jua linawaka saa 12 lakini nguvu yake ya asubuhi na jioni ni ndogo, kwa hiyo tunahesabu saa za jua kamili. Miezi ya kiangazi ni nyingi, lakini mfumo haupimwi kwa kiangazi. Unapimwa kwa mwezi mbaya kuliko yote. Kwa masika ya huku mimi huchukua saa 4. Gawanya 1,070 kwa 4, unapata wati 267. Kwenye maduka unachukua wati 300, unaenda nyumbani.

Ndivyo nilivyomwambia kijana mmoja, masika ya mwaka juzi kabla haijaanza. Hesabu nilipiga mwenyewe, nikajiona fundi. Betri tukaweka ya kutosha siku mbili bila jua. Mfumo ukafanya kazi Januari, Februari, vizuri kabisa. Masika ikaingia, mawingu mazito siku tatu mfululizo, betri ikaisha. Hilo tulilitarajia. Ambalo sikulitarajia ni kwamba jua liliporudi, friji iliendelea kuzima. Kila usiku, saa nane au saa tisa, kontrola inakata. Kijana alinipigia, "Mtaalamu, jua lipo lakini friji inalala." Nikamjibu avumilie, betri itajaa. Haikujaa wiki hiyo wala iliyofuata.

Ndani ya friji kulikuwa na chanjo ya Gumboro ya vifaranga wake wapya. Chanjo hizi za virusi hai zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 2 na 8. Zilikuwa zinapoa mchana na kupata joto usiku, siku baada ya siku, na ukizitazama kwa macho huoni tofauti yoyote. Akachanja. Baadaye Gumboro ikapita na ikachukua zaidi ya vifaranga mia. Siwezi kuapa kwamba ni friji peke yake, uchanjaji una mambo mengi. Lakini niliporudi nyumbani nikafungua daftari langu, nikaiona hesabu niliyoiruka.

Tazama. Wati 300 kwa saa 4, toa robo, unapata wati-saa 900 kwa siku. Banda linakula 800. Zinabaki 100. Betri ilikuwa na deni la wati-saa 1,600, zile siku mbili tulizozipanga. Kwa kulipa 100 kwa siku, unahitaji siku 16 za jua zisizo na wingu hata moja, katikati ya masika! Mfumo ulikuwa unakula mshahara wote na kubakiza nauli. Tena betri ya asidi ikikaa nusu tupu wiki mbili mfululizo inaota chumvi kwenye sahani zake za ndani, na uwezo ukishapotea hivyo haurudi wote.

Sasa weka wati 400. Kwa saa zilezile 4 unapata 1,200, unakula 800, unabaki na 400. Deni la 1,600 linalipwa kwa siku 4. Wati 100 za nyongeza zimekutoa kwenye siku 16 hadi 4. Kwa hiyo siku hizi, baada ya kupata wati za kutosha kula, naongeza hatua moja: zinazobaki zinajaza betri tupu kwa siku ngapi? Ikizidi siku tano, naongeza paneli. Na ndiyo sababu mtu akiniambia "sola yangu haifiki asubuhi, nataka kuongeza betri", namwomba kwanza aniambie paneli zake. Mara nyingi anataka kununua debe la pili wakati mvua haikujaza hata la kwanza.

Betri yenyewe tunaipima hivi. Siku mbili ni wati-saa 1,600. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu ukitaka idumu, kwa hiyo unahitaji mara mbili, 3,200. Gawanya kwa volti 12: Ah 267. Chukua mbili za Ah 150, za aina moja, umri mmoja, siku moja. Lithiamu inaruhusu kutumia kama asilimia 80, hivyo 2,000 zinatosha, na kwa volti 12.8 ni kama Ah 156, unachukua iliyo juu yake dukani. Bei yake inashtua mwanzoni, lakini kwa mfugaji anayechota kila usiku mimi naipendelea, mradi kontrola iwe na mpangilio wa lithiamu. Betri ya gari acha kwenye gari. Imetengenezwa kutoa moto mkali kwa sekunde chache wakati wa kuwasha injini, siyo kuchotwa polepole hadi alfajiri.

Usiiweke bandani. Hewa kali ya mbolea ya kuku inakula vichwa vya nyaya, na joto linapunguza maisha ya betri ya asidi karibu nusu kwa kila nyuzi 10 juu ya 25. Chumba unacholala pia hapana, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi inayoweza kulipuka.

Kwenye kontrola ndipo vijana wengi wanaliwa. Paneli kubwa za wati 400 sasa zinapatikana kwa bei nzuri, lakini ni za volti 30 hadi 40. Ukiiunga na kontrola ya PWM kwenye betri ya volti 12, inaivuta paneli ishuke kwenye volti ya betri na zaidi ya nusu ya wati zako zinapotea. Paneli hizo zinataka MPPT ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu kuna vijikontrola vyepesi vimeandikwa MPPT nje na ndani ni PWM. Ikiwa ni nyepesi kama kiberiti na bei ni ya chakula cha mchana, usiamini maandishi. Kwa wati 400 kwenye volti 12, chukua ya ampea 40.

MPPT inakupa faida nyingine kwenye waya. Paneli mbili za wati 200 za volti 12 zikiungwa sambamba zinaleta kama ampea 22. Zikiungwa mfululizo, volti zinakuwa karibu 36 na ampea ni 11 tu. Kwa umbali wa mita 10, waya wa milimita 6 ukiwa mfululizo unapoteza chini ya asilimia 2. Sambamba, kwa waya wa 2.5 wa nyumbani ambao fundi atakwambia "huu unatosha", unapoteza zaidi ya volti 3, na betri ya volti 12 itapata shida kujaa. Weka kontrola jirani na betri, na fyuzi karibu kabisa na kichwa cha betri.

Kabla ya kulipia paneli, nenda na mita ya fundi umeme. Saa sita mchana, jua kali, pima ampea kwa kuunganisha chanya na hasi za paneli kupitia mita iliyowekwa kwenye ampea 20 za DC, sekunde chache tu. Paneli ya wati 200 ya volti 12 inatakiwa ikaribie 10 au zaidi. Ukiona 5, umeshikishwa paneli ya wati 100 yenye karatasi ya 200. Ukifunga, ielekeze kaskazini kwa mlalo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi, na ukate lile tawi la mwembe. Kivuli kidogo kwenye kona kinaweza kuondoa sehemu kubwa ya umeme wote.

Kama pesa haitoshi kwa mara moja, anza na kontrola ya ampea 40, paneli zote mbili, taa na simu. Friji isubiri, chanjo utachukua kwenye kopo la barafu siku ya kuchanja. Usifanye kinyume, friji kwanza na paneli ya pili "mwezi ujao". Yule kijana sasa ana wati 400, na ndani ya friji ameweka kipimajoto kidogo ambacho anakisoma kila asubuhi kabla hajaokota mayai.